Kutoka 22R kwenda 3L: shajara ya Hilux yangu chini ya mwembe

9 Februari

Leo nimekubali yaishe. Hilux yangu ya 1992, kabini moja, difu mbele na nyuma, injini ya petroli ya 22R, inakunywa oili kuliko ninavyokunywa chai. Asubuhi moshi wa buluu unafunika kuku wote uani. Nikiipakia matenga ya nyanya kutoka Ilula kwenda Iringa mjini haifikishi kilomita saba kwa lita. Silinda hedi tumeshaifungua mara mbili.

Shemeji yangu anasema niuze ninunue nyingine. Nitauza kwa bei gani gari linalotoa moshi? Na bodi haina kutu, chesisi imenyooka, difu hazilii. Nikibadilisha ringi na kuchonga silinda nitabaki na petroli ile ile. Naingiza injini ya dizeli.

Niandike sababu mapema nisije nikajidanganya mbele ya safari. Si bei ya lita. Bei anazotangaza EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi zinaonyesha dizeli na petroli zinafukuzana tu, leo huyu mbele kesho yule. Ninachotafuta ni kilomita nyingi kwa lita na nguvu ya chini, ile ya kuondoka na mzigo kwenye mwinuko bila kuikamua injini.

Fundi wangu alisikiliza, akatema kijiti cha meno. "Bosi, hiyo ni kazi ya wiki moja." Naiandika hapa na tarehe yake.

12 Februari

Injini ipi? Toyota wenyewe waliuza Hilux ya umbo hili hili ikiwa na injini za dizeli za L. Herufi ya kwanza kwenye namba ya modeli inasema yote: RN ni gari lenye injini ya R, LN ni lenye injini ya L. Kwa hiyo nafasi ipo, na karibu kila kipande ninachohitaji kiliwahi kutengenezwa kiwandani. Siendi kubuni ndege.

2L ina ujazo wa sisi (cc) 2446, 3L ina 2779, 5L ina 2986. 2L yenye turbo nimeikataa bila mjadala. Silinda hedi zake zina jina baya la kupasuka, na Kitonga, ule mwinuko mkali wa njia ya Iringa, haina huruma na injini inayochemka. Kijana mmoja wa mjini ananisukumia 1KZ-TE. Nguvu inayo, lakini nozeli pampu yake, ile inayosukuma dizeli kwenye silinda, inaendeshwa na kompyuta, na mimi nataka kitu ambacho kikizima porini nakiwasha kwa spana namba 12 na akili. 3L haina turbo wala kompyuta. Ukishaipa mafuta na hewa inanguruma.

21 Februari

Dar, mtaa wa Gerezani, kwa wauza injini. Nimeshinda juani siku nzima. Injini tano nimezitazama, zote "zimetoka Japani jana", moja ina buibui ndani ya eksozi.

Niliyochukua ni 3L iliyotoka kwenye Hiace. Waliiwasha pale pale sakafuni: bateri, chupa ya dizeli imening'inizwa kwenye msumari, waya mmoja kwenye nozeli pampu. Nilichofanya mimi ni kufungua mfuniko wa oili ikiwa inaunguruma na kuweka kiganja juu. Ringi zikiwa zimechoka, hewa inapiga kiganja kama mtu anapuliza moto. Hii ilipumua kidogo tu. Nimelipa, nimedai risiti yenye namba ya injini ile ile iliyogongwa kwenye bloku, na nimeisoma mara mbili kabla ya kutoa pesa ya mwisho. Muuzaji alikasirika kidogo. Akasirike.

Alteneta, ya kuchaji bateri, haikuwepo, wameshaiuza peke yake. "Utapata tu, hiyo ni kitu ndogo." Nilicheka naye.

2 Machi

Tumeshusha 22R. Cheni bloku kwenye tawi la mwembe, vijana wanne, kwa muda wa saa tatu. Nafasi iliyobaki inaonekana kubwa sana, unajiuliza Toyota walikuwa wanaogopa nini.

8 Machi

Mafinga kuna Hilux ya dizeli iliyopata ajali, mbele imekunjika lakini nyuma nzima. Nimechukua gia boksi, transfa na propela zote mbili kwa mkupuo, ili nisihangaike na vipimo vya urefu. Pia chujio la dizeli lenye pampu yake ya mkono juu, rejeta, pedali ya mafuta na kebo yake. Mwenye mali aliniuliza kama nataka na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nikamwambia injini yangu ina sampu.

Difu sikuigusa. Nilipandisha magurudumu ya nyuma yote mawili, nikachora chaki kwenye propela, tukazungusha magurudumu mzunguko mmoja kamili kwa pamoja: propela ilizunguka mara nne na nusu na kidogo. Huo ni uwiano wa difu, meno 41 kwa 9. Inatosha.

15 Machi

Nimerudi Mafinga kufuata sampu.

Sampu ya Hiace ina tumbo mahali pasipofaa. Kwenye Hiace hakuna ekseli inayopanda na kushuka chini ya injini. Kwenye Hilux yangu ipo, na springi zikibonyea shimoni ekseli ingeipiga sampu kama ngumi ya tumbo. Tulipoining'iniza injini kwa mara ya kwanza nilipitisha mkono kati ya sampu na difu ya mbele: vidole viwili. Gari likiwa limesimama, bila mzigo! Kwa hiyo sampu ya Hilux, na bomba la kunyonyea oili la Hilux pia, maana ukibadilisha sampu bila bomba, bomba linanyonya hewa na injini inakufa kwa kiu huku oili ipo.

Mwenye mali alinipandishia bei. Haki yake.

16 Machi

Taimingi belti mpya, ile inayofanya vali zifunguke kwa wakati wake, tensheni yake mpya, na sili za krank na kamu. 22R ilikuwa na cheni, nilikuwa sijawahi kufikiria jambo hili. Kwenye 3L belti ikikatika vali zinagonga pistoni, na hapo unanunua silinda hedi. Toyota za dizeli zina taa kwenye dashibodi imeandikwa T-BELT inayokukumbusha kila kilomita 100,000. Dashibodi yangu ni ya petroli, taa hiyo haina. Nimeandika kilomita za leo kwa maka peni ndani ya boneti.

Alama ni tatu: krank, kamu na pampu. Fundi alizipanga kwa macho, akafunga. Nikamwambia tuzungushe kwa mkono mizunguko miwili, tutazame tena. Akaniangalia kama mtoto anayeuliza kama jua litachomoza kesho. Tukazungusha. Pampu ilikuwa imeruka jino moja. Hakusema kitu, alifungua belti na kurudia. Mimi pia sikusema kitu, ila nimeandika.

29 Machi

Maunti za injini, yaani viegemeo vyake kwenye chesisi. Mabano ya petroli hayakutani na miguu ya 3L. Fundi wa kuchomelea, mzee mmoja wa pale stendi, alikataa kukata chuma kabla ya kutengeneza mfano kwa boksi la katoni. Alikata katoni, akaikunja, akaishika kwenye chesisi, akatingisha kichwa, akakata nyingine. Katoni sita. Chuma alikata mara moja tu, kikakaa. Huyu ndiye mtu pekee katika kazi hii yote ambaye hajanipa tarehe ya kumaliza.

Kati ya feni na rejeta tumeacha vidole vitatu. Pua ya gari imeinama, dizeli ni nzito. Tumeongeza jani moja kwenye springi za mbele kila upande.

6 Aprili

Masika. Mwembe unavuja kuliko anga. Leo sikufanya kitu.

13 Aprili

Tangi. Nimelishusha, nimemwaga petroli yote, nimelisuuza kwa dizeli mara tatu na kuliacha juani mdomo wazi. Kijana wa gereji alitaka kuchomelea bano lililolegea kwenye tangi "kwa kuwa limekauka". Nilimtoa mbio. Tangi la petroli likikauka ndio linakuwa bomu.

Usafi huu si wa mapambo. Nozeli pampu ya 3L haina oili yake, inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Petroli ikibaki kidogo inaosha ule utelezi, chuma kinalamba chuma.

Mabomba mawili ya zamani nimeyatumia yote, moja la kupeleka na moja la kurudisha. Pampu ndogo ya petroli iliyokuwa kwenye silinda hedi ya 22R haina kazi tena. Nozeli pampu inajivutia mafuta yenyewe kutoka tangini. Sentensi hiyo nimeiandika haraka. Ningeijua maana yake siku ile ningeokoa wiki nzima. Tazama Mei.

19 Aprili

Umeme. Hapa dizeli ni ya kupendeza. Koili imetoka, distributa imetoka, waya za plagi zimetoka. Ule waya uliokuwa unapeleka moto kwenye koili sasa unafungua sonoidi ya nozeli pampu: ufunguo ukiwashwa mafuta yanapita, ukizimwa yanakatwa, injini inazima. Waya mmoja. Geji ya mizunguko imekufa, kwa sababu ilikuwa inahesabu mapigo ya koili. Nitasikiliza kwa sikio kama babu zetu.

Bateri N70. Dizeli hii inabana hewa zaidi ya mara 20, stata inafanya kazi ya kubeba gunia. Stata yenyewe nimeisoma kibandiko kabla ya kuunga: volti 12. Kuna Toyota za dizeli zinazokuja na volti 24, mtu akichanganya anaiona stata inajivuta kama mgonjwa na kuanza kulaumu bateri.

Sasa aibu. Hita plagi, za kupasha silinda moto kabla ya kuwasha, niliziunga na swichi ya kubonyeza moja kwa moja kutoka bateri. Nikabonyeza, nikahesabu mpaka ishirini kwa raha zangu. Zote nne zimeungua. Nilipozitoa ndipo nikasoma maandishi madogo shingoni: hazikuwa za volti 12. Zilitengenezwa kupata moto mdogo zaidi kupitia taima na kipunguza umeme, vitu nilivyoviacha Gerezani kwa sababu vilionekana kama takataka. Nimenunua nne za volti 12. Kila moja nimeipima kwa taa: upande mmoja wa taa kwenye chanya ya bateri, mwingine kwenye ncha ya plagi, ikiwaka plagi ni nzima. Na hesabu ni mpaka kumi.

27 Aprili

Imewaka!

Kutoa hewa kulichukua dakika arobaini. Unapiga pampu ya mkono kwenye chujio mpaka kidole gumba kinaumwa, inakuwa ngumu, unalegeza nati za mabomba kwenye nozeli, unapiga stata, mapovu, mapovu, kisha dizeli safi inaruka. Unakaza moja, nyingine. Ya tatu ilipokazwa ilikohoa, ikatoa moshi mweupe wa kufunika mtaa, ikashika. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ilikuwa juu, tukaishusha kwa bisibisi kwenye pampu. Majirani walikuja kutazama. Mke wangu alitoka jikoni, akasikiliza kidogo, akasema, "Mbona inalia kama trekta?" Akarudi ndani.

Wiki moja ya fundi imefika siku 77.

3 Mei

Leo nusura nivunje ukuta wa jirani.

Mzunguko wa kwanza, mtaani, gia ya pili, polepole. Nimekanyaga breki kwenye kona: pedali ngumu kama kukanyaga jiwe. Haikuzama, haikuvuja, ilikataa tu. Nikakanyaga kwa miguu miwili, gari likasimama likiwa limebakiza hatua tatu kufika ukutani. Nilikaa ndani dakika nzima bila kushuka.

Fundi akaanza na breki: kashika masta silinda, katoa hewa kwenye magurudumu. Kila kitu kizima. Mimi nikarudi kwenye busta, lile pipa jeusi nyuma ya masta silinda. Busta inafanya kazi kwa kunyonywa hewa. Kwenye injini ya petroli unyonyaji huo ni wa bure: karbureta ina kipepeo kinachobana njia ya hewa, na nyuma yake injini inanyonya kwa nguvu, unachomeka mpira wa busta hapo basi. Dizeli hii haina kipepeo. Inavuta hewa yote inayotaka, wakati wote, njia iko wazi. Hakuna kubana, hakuna kunyonya. Mpira wangu wa busta tuliuchomeka kwenye njia ya hewa ya 3L, sawasawa na ulivyokuwa kwenye 22R, na ulikuwa hapo kama pambo.

Toyota waliweka wapi pampu ya kunyonya? Nyuma ya alteneta. Ile "kitu ndogo". Alteneta ya 3L ina pampu ya vakyumu mgongoni, inayozunguka na shafti ile ile, inalainishwa na oili ya injini inayoingia kwa bomba jembamba na kurudi kwenye sampu kwa mpira mnene. Mimi nilinunua alteneta nyingine iliyoingia kwenye mabano na inachaji vizuri. Haina mgongo. Na ile tundu kwenye bloku iliyokuwa imezibwa kwa bolti, niliyodhani ni ya kupimia presha, ilikuwa ndiyo chanzo cha oili ya pampu. Na ule mdomo kwenye sampu ya Mafinga niliouziba kwa mpira na klipu, nikijisifu kwa unadhifu, ulikuwa njia ya oili kurudi.

Nimepata alteneta yenye pampu Iringa mjini. Kabla ya kuwasha nimetia oili kidogo ndani ya pampu kwa sindano, isianze kavu. Ukikanyaga pedali na kuwasha injini, sasa inazama chini ya mguu kidogo, kama inapumua.

Ningekuwa na ruhusa ya kumwambia mtu neno moja tu kuhusu kazi hii, ningesema alteneta.

11 Mei

Inawaka asubuhi, inakwenda kilomita mbili, inazima. Unapiga pampu ya mkono, inawaka, kilomita mbili. Chujio jipya, bado. Fundi anasema nozeli pampu imekufa. Kila kitu asichokijua kimekufa.

Nilikata kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kutoka kwenye bomba bovu la kupulizia dawa ya nyanya, nikakiweka kati ya chujio na nozeli pampu. Injini inaunguruma, natazama. Dizeli safi. Kisha povu moja dogo kama punje ya mtama. Kisha mengine mawili. Kisha mstari wa mapovu, na injini ikaanza kuyumba.

Hewa inaingia, lakini wapi? Chini ya gari hakuna tone. Na hapo ndipo ile sentensi ya Aprili inarudi. Nozeli pampu inavuta. Bomba lenye ufa upande wa kuvuta halivujishi mafuta nje, linaingiza hewa ndani, nawe unapapasa kote mkono unarudi mkavu. Niliyakagua mabomba hatua kwa hatua nikiyapaka maji ya sabuni. Karibu na tangi, kwenye kiungo cha mpira wa zamani wa petroli, sabuni ilinyonywa na kutoweka. Mpira wa miaka thelathini. Mipira yote ya mafuta nimeibadilisha, na klipu mpya.

Mapovu yameisha. Kile kipande cha mpira nimekiacha siku mbili zaidi, kwa kuwa kinapendeza kutazama, kisha nikakitoa kabla joto la injini halijakilainisha.

24 Mei

Karatasi. Kadi ya gari inasema petroli, ujazo wa 22R, namba ya injini ambayo sasa imelala uani imefunikwa turubai. Ukikamatwa hivyo unaonekana mwizi wa injini. Gari limekaguliwa na polisi wa usalama barabarani, maombi ya kubadili taarifa yamekwenda TRA, mamlaka ya mapato, pamoja na risiti ya Gerezani. Ile risiti niliyogombania ndiyo imenisaidia kuliko kitu chochote. Bima nimewaambia pia.

7 Juni

Kitonga.

Nimeshuka mtupu asubuhi, nimepakia magunia ya vitunguu Ruaha Mbuyuni, nimepanda mchana. Kushuka ndiko kulikonifundisha. Watu husema dizeli inajishika yenyewe kwenye mteremko. Hii yangu haijishiki kama 22R, kwa sababu ile ile ya kipepeo: ukiachia mafuta hakuna kinachobana hewa. Nilishuka kwa gia ya pili na pedali ilikuwa laini, nikaishukuru alteneta kwa sauti.

Kupanda, gia ya tatu mpaka kona kali, kisha ya pili, taratibu nyuma ya lori la shaba la kwenda Tunduma lililokuwa tupu na bado lilikuwa linaniacha. Si gari la mbio. Mshale wa joto ulipanda kidogo juu ya katikati, ukakaa. Moshi mweusi kidogo gia ya pili, zaidi huku juu Ilula hewa ilipopungua. Sikuisikia ikilalamika. 22R ilikuwa inapiga kelele pale pale na kutaka gia ya kwanza.

Mafuta, tangi hadi tangi, na mzigo: kilomita kumi na moja kwa lita, pungufu kidogo.

21 Juni

Baridi ya Iringa imefika. Asubuhi nabonyeza hita, nahesabu mpaka kumi, stata, inashika kwa moshi mweupe unaoisha nikimaliza kufungua geti.

Injini imekula nusu ya pesa zote. Nusu nyingine imeliwa na sampu, alteneta, hita plagi nne, mipira, na safari za Mafinga.

Yaliyobaki: geji ya mizunguko. Mtetemo wa kioo cha pembeni kwenye sailensa, unaniambia maunti ya kulia ni ngumu mno. Eksozi inagonga chesisi gari likiwa tupu.

Jana kituo cha mafuta kijana alishaingiza mdomo wa petroli kwenye tangi, ameizoea gari hii miaka yote. Nilimshika mkono bado hajabonyeza. Leo mwanangu wa darasa la nne ameandika DIZELI kwa rangi nyeupe juu ya mfuniko. Herufi ya Z ameigeuza nyuma mbele. Nimeiacha.